Masikio ya Msafiri wa Ndege

Tumepokea barua ya mwalimu mmoja wa upande wa Masisi. Twaifupisha hapa, maana yatosha yenyewe kuwa mwanzo wa mazungumzo yetu ya leo.

Mwalimu huyo aeleza kwamba miaka michache iliyopita, ndege ndogo zilipokuwa bado zikiruka kutoka Goma kwenda Walikale, mwanafunzi wake mmoja, mtoto wa miaka 11, alichukuliwa na mjomba wake kwenda kumwona bibi yake aliyekuwa mgonjwa huko Walikale. Alikwenda kwa ndege, akarudi kwa njia ya nchi kavu, kidogo kwa gari na kidogo kwa miguu, kupitia Nyabiondo. Alipoingia tena darasani alikuwa mtu mwingine. Aliitwa asiitike. Aliulizwa swali akajibu jambo jingine kabisa. Katika imla aliandika maneno nusu nusu. Mwalimu akaona kwamba safari imemtia kiburi, maana katika darasa zima ni yeye peke yake aliyekwisha kupanda ndege, na wenzake walikuwa wakimzunguka kila siku wasikie habari zake. Basi akamwadhibu: kwanza kwa kumsimamisha nyuma ya darasa, kisha kwa kumtoa nje. "Nilimweka mbali zaidi na sauti yangu," aandika mwalimu, "nami nilidhani namfundisha adabu." Yapata wiki ya tano mama wa mtoto akaja kusema kwamba hata nyumbani hana budi kumgusa bega ndipo ageuke. Wakampeleka kituo cha afya, na mganga alipotazama kwa taa yake akaona kwamba nyuma ya viwambo vya masikio yote mawili kuna maji.

Mwalimu atuuliza: Je, ni ndege iliyomdhuru mtoto? Ingewezekana kuzuia? Tena, wazazi wanaolazimika kupanda ndege na watoto wachanga wafanye nini?

Huenda msomaji mwingine akasema: "Habari za ndege ni za wakubwa na matajiri, sisi twatembea kwa miguu." Sivyo katika nchi yetu. Walikale ni wilaya pana kuliko zote za Kivu ya Kaskazini, yenye kilometa za mraba zaidi ya 23,000, nayo karibu yote ni msitu na mito. Njia ya gari kutoka Masisi kwenda huko hukatika kwa mvua, hukatika kwa madaraja yaliyovunjika, na mara nyingi hukatika kwa vita. Ndiyo maana ndege na helikopta zimebeba huko watu wa kila namna: wagonjwa na waliojeruhiwa, mama aliyeshindwa kujifungua, mwalimu anayefuata mshahara, mchuuzi na mizigo yake. Katika miaka ya 2000 ndege zilikuwa zikitua hata juu ya kipande cha barabara ya lami huko Kilambo, magari yakizuiliwa pande mbili, ili zipakie mawe ya kasiteriti yaliyotoka migodi ya Bisie na kuyapeleka Goma. Wachimbaji wengi na wake zao walipata kupanda ndege kabla hawajawahi kuona mji mkubwa. Mwezi wa Januari 2025 uwanja wa Goma ulifungwa kwa sababu ya vita, na baadhi ya wasafiri wa ng'ambo wakalazimika kupitia Kigali. Lakini haja ya kusafiri haikwisha, wala masikio ya watu hayakubadilika.

Sasa tuanze na chupa. Wanafunzi, mwaweza kulifanya jaribio hili wenyewe bila gharama yoyote. Mtu anaposafiri kutoka vilima vya Masisi kushuka kuelekea Walikale, achukue chupa tupu ya plastiki, ile ya maji, aifunge vizuri kwa kifuniko akiwa juu, mahali penye malisho ya ng'ombe na baridi kali, kisha aitie mfukoni. Akifika chini msituni aitoe. Ataikuta imebonyea pande zote kana kwamba mtu ameiminya kwa mkono. Hakuna aliyeiminya ila hewa. Huko juu, kwenye mita 2,000, hewa ni nyepesi; huko Walikale, kwenye mita 700 hivi, hewa ni nzito, yasukuma kwa nguvu zaidi. Hewa nyepesi iliyofungiwa ndani ya chupa haiwezi kushindana na hewa nzito ya nje, kwa hiyo hujikunyata, hata kupungua karibu sehemu moja ya saba. Na ukifanya kinyume, ukanunua chini pakiti ya biskuti iliyofungwa ukapanda nayo mlimani, utaiona imevimba kama shavu la mpiga tarumbeta.

Kichwani mwa kila mmoja wetu kuna chupa mbili za namna hiyo. Nyuma ya tundu la sikio, mwendo wa sentimeta mbili na nusu hivi kwa mtu mzima, kuna ngozi nyembamba iliyowambwa kama ngozi ya ngoma. Unene wake ni sehemu moja ya kumi ya milimeta. Hicho ndicho kiwambo cha sikio. Nyuma ya kiwambo kuna chumba kidogo chenye hewa, na ndani yake vifupa vitatu, vidogo kuliko vyote mwilini, vinavyopokezana sauti na kuipeleka ndani. Chumba hicho kimefungwa pande zote, isipokuwa mlango mmoja tu: mrija mwembamba wa sentimeta tatu na nusu hivi unaoshuka mpaka nyuma ya pua, juu ya koo. Waganga huuita mrija wa Eustachio, kwa jina la Bartolomeo Eustachi, mganga wa Italia aliyeueleza katika karne ya 16.

Mrija huo kwa kawaida umefumba. Hufunguka kitambo kidogo tu, kila tunapomeza mate au kupiga miayo, kwa sababu misuli ya kaakaa huuvuta. Mlio ule mdogo, kama tone la maji, unaousikia masikioni umezapo mate, ndio mlango kufunguka. Hapo hewa ya chumbani na hewa ya nje hupatana, na kiwambo hukaa katikati bila kusukumwa na upande wowote. Siku nzima twafanya kazi hiyo pasipo kujua.

Basi ndege ipandapo, hewa ya nje huwa nyepesi, na hewa iliyo ndani ya sikio hutanuka na kutafuta njia ya kutoka. Yaipata bila shida. Mrija ni kama mlango unaofungukia nje: ukisukumwa kutoka ndani wakubali. Ndiyo maana wakati wa kupanda watu wachache tu huumwa. Shida iko katika kushuka. Hapo hewa ya nje huzidi kuwa nzito kila dakika, yasukuma kiwambo kiingie ndani, na pia yaubana ule mrija uzidi kufumba. Hauwezi kufunguliwa kwa kusukumwa. Lazima uvutwe na misuli, yaani lazima umeze mate. Na kama mtu amechelewa, tofauti ya hewa ikapita kadiri fulani, hata misuli haiwezi tena kuufungua. Mlango umejifunga kama kwa ufunguo. Hapo kiwambo huingia ndani, mishipa ya damu huvimba, maji au damu hutiririka ndani ya chumba ili kujaza nafasi, na wakati mwingine ngozi yenyewe huchanika.

Twaomba msomaji aliangalie jambo hili vizuri, maana lahusu nchi yetu hasa. Ndege kubwa ziendazo Kinshasa au Ulaya zimetengenezwa hivi kwamba hewa ya ndani hutiwa kwa mashine. Ijapokuwa ndege iko kwenye mita 11,000, abiria hukaa katika hewa kama ya mlima wa mita 2,400 au chini ya hapo. Lakini ndege ndogo kama Cessna Caravan, au Let 410, au Antonov 28, hazina mashine hiyo, wala helikopta haina. Hewa ya ndani ni ile ile ya nje. Kutoka Goma, iliyo kwenye mita 1,500 na zaidi, ndege hizo hupanda kuvuka milima ya Masisi, tuseme mpaka mita 3,000, kisha huinama kuelekea Walikale kwenye mita 700. Fanyeni hesabu: mita 2,300 za kushuka. Hiyo ni sawasawa, na hata kidogo zaidi, kuliko sikio linavyoshuka katika ndege kubwa itokayo angani kutua Kinshasa. Kwa hiyo asidhani mtu kwamba safari fupi katika ndege ndogo ni nyepesi kwa masikio. Kama rubani ateremka kwa utaratibu, mita 150 kila dakika, kazi hiyo yote yamalizika kwa robo saa. Kukiwa na mawingu mabaya, au hofu ya risasi, rubani hushuka kwa kuzunguka kama kozi, na muda wafupika. Tukikadiria uzito wa hewa unaolemea kiwambo kimoja cha sikio lisilofunguka kabisa katika mteremko huo, wapita gramu 100, kama kuweka mayai mawili juu ya ngozi nyembamba kama karatasi ya daftari.

Gari lishukalo njia hiyo hiyo huchukua saa nyingi, pengine siku. Masikio huziba na kuzibuka njiani, wala hayadhuriki. Mtoto wa mwalimu wetu alishuka kwa robo saa.

Maumivu haya si mageni duniani. Mtu wa kwanza kuyaeleza ni Mfaransa Jacques Charles, bwana wa elimu ya hewa. Tarehe 1 Desemba 1783 alipanda angani kutoka Paris katika puto lililojaa hewa nyepesi ya haidrojeni, pamoja na mwenzake. Walipotua salama mwenzake alishuka, na Charles akataka kupanda tena peke yake. Puto lililopunguziwa mzigo likaruka haraka mno mpaka karibu mita 3,000. Huko, kati ya furaha ya kuliona jua likitua mara ya pili siku ile ile, alishikwa na maumivu makali katika sikio la kulia. Akateremka, na tangu siku hiyo hakupanda puto tena maisha yake yote.

Sasa tuseme jinsi ya kujikinga. Jambo kubwa ni moja, nalo ni kumeza mate mara nyingi, kuanzia mwanzo wa kushuka, kabla sikio halijauma. Wengi hukosea hapa. Hungoja maumivu, kisha huanza kuhangaika, na mlango umekwisha kujifunga. Kwa hiyo msafiri awe na kitu kinywani: peremende ya kunyonya, chingamu, kipande cha muwa. Anayetafuna hutoa mate, na anayetoa mate humeza. Apige miayo hata kama hana usingizi, apanue kinywa na kuchezesha taya. Jirani wakimcheka, wacheke. Lakini karanga na peremende ngumu zisipewe watoto walio chini ya miaka mitano, maana ndege ikitikisika chaweza kuingia kohoni, na hapo tutakuwa tumeponya sikio na kuua mtoto.

Utajuaje kwamba ndege imeanza kushuka? Katika ndege kubwa hutangazwa. Katika ndege ndogo mara nyingi hakuna atangazaye, bali sauti ya mashine hubadilika na kutulia, pua ya ndege huinama, na miti iliyokuwa kama majani ya chai huanza kuonekana mmoja mmoja. Si aibu kumwomba rubani kabla ya kuruka: "Tafadhali, utuashirie kwa mkono ukianza kushuka." Tena mtu asilale wakati huo. Aliyelala humeza mate mara chache sana. Amlalaye jirani aamshwe, na watoto waamshwe wote.

Ikiwa kumeza mate hakutoshi, kuna njia ya pili. Jaza mashavu hewa kidogo, funga kinywa, bana pua kwa vidole viwili, kisha sukuma hewa polepole kana kwamba wapenga kamasi. Masikio yatalia "po", na kusikia kutarudi. Njia hiyo ina jina la Antonio Maria Valsalva, mganga wa Bologna, aliyeandika kitabu juu ya sikio mwaka 1704. Twakazia neno polepole. Tumeona vijana wakisukuma kwa nguvu mpaka macho yakawatoka, kama mashindano. Kwa kufanya hivyo waweza kuumiza kiwambo au hata sikio la ndani kabisa, lile linalosikia na kutunza mizani ya mwili. Mwenye mafua asitumie njia hii, kwa sababu husukuma kamasi chafu ziingie katika chumba cha sikio. Iko nyingine iliyo laini zaidi: bana pua, kisha meza mate pua ikiwa imebanwa. Hiyo ni ya Joseph Toynbee, mganga Mwingereza wa masikio, mtu aliyependa kujijaribia dawa mwenyewe, hata akafa mwaka 1866 katika jaribio la namna hiyo. Njia yake ya kumeza mate, hata hivyo, haijamwua mtu.

Tuje kwa watoto wachanga, maana hapo ndipo swali la mwalimu lilipo zito. Mrija wa mtoto mchanga una urefu kama nusu ya ule wa mtu mzima, tena umelala karibu sawa na ardhi badala ya kuteremka. Huziba upesi. Na mtoto huyo hajui kumeza mate kwa kuamrishwa. Mama amnyonyeshe basi. Asimnyonyeshe sana wakati wa kupanda akashiba. Amwekee ziwa kwa wakati wa kushuka, amkalishe kichwa kikiwa juu kidogo, si kulala chali, na amnyonyeshe mpaka magurudumu yaguse ardhi. Asiyenyonya apewe maji au uji kwa kijiko kidogo kidogo. Mtoto akikataa na kulia, mama asione haya mbele ya abiria wengine, wala abiria wasimtazame kwa jicho baya. Mtoto aliaye hupanua kinywa, huvuta pumzi, humeza mate na machozi. Kilio kile chamfungulia masikio. Hatari zaidi ni mtoto aliyelala kimya tangu mawinguni mpaka uwanjani.

Na mafua? Hili ndilo jambo gumu. Mwenye mafua, mwenye homa ya pua na paji la uso, mwenye sikio linalouma, huyo mrija wake umevimba na kujaa kamasi. Waganga wote watamwambia aahirishe safari mpaka apone, siku saba au kumi. Ni shauri jema, nasi twalitoa pia: kama safari ni ya arusi au ya biashara, ahirisha. Lakini twajua sisi tunaoishi huku kwamba ndege ya leo huenda isirudi kwa wiki tatu, na kwamba aliyepata nafasi hana hakika ya kuipata tena. Na kama anayesafiri ni mama avujaye damu, au mtoto aliyeungua, au aliyepigwa risasi, asizuiliwe hata dakika moja kwa ajili ya mafua. Kiwambo kilichochanika hupona mara nyingi chenyewe katika wiki chache au miezi michache. Apande, na aliye karibu naye ashughulikie masikio yake kadiri awezavyo.

Kwa mtu mzima mwenye mafua kidogo, anayelazimika kusafiri, zipo dawa za kutia puani zinazopunguza uvimbe, kama oksimetazolini na zailometazolini. Kwanza apenge kamasi taratibu, tundu moja moja, kisha atie dawa kama nusu saa kabla ya kushuka. Kwa kuwa safari ya Goma na Walikale haifiki saa moja, maana yake aitie kabla tu ya kupanda. Asiitumie zaidi ya siku tatu hadi tano mfululizo, maana pua huizoea, na ikiachwa huziba kuliko mwanzo. Kuna pia vidonge vya pseudoefedrini, vilivyojaribiwa na kuonekana kuwasaidia watu wazima. Lakini mwenye shinikizo la damu au ugonjwa wa moyo asivimeze bila ruhusa ya mganga, wala asivimeze mama mjamzito, wala asipewe mtoto. Kwa watoto hata dawa ya puani iulizwe kwanza kwa mwuguzi. Maji ya chumvi safi yaliyotengenezwa kwa ajili ya pua hayana hatari, nayo husaidia kulainisha kamasi za mtoto.

Kuna vitu ambavyo twaviona mara kwa mara na ambavyo twaomba viachwe. Pamba masikioni hupunguza kelele za mashine, nayo si mbaya kwa hilo, lakini haizuii hata kidogo uzito wa hewa, kwa kuwa hewa hupita katikati yake. Unyoya wa kuku, kijiti cha kibiriti, ufunguo wa kalamu, vyote hivyo visitiwe sikioni kuondoa kuziba. Kuziba huko hakuko mahali vinapofika. Zaidi ya yote, mafuta yaliyotiwa moto, maziwa ya mama, maji ya majani, mkojo: wazee wetu walivitumia kwa nia njema, kwa sababu waliona mtoto akilia na hawakuwa na kingine. Lakini kiwambo kikiwa kimechanika, vitu hivyo huingia moja kwa moja katika chumba cha vile vifupa vitatu na kuozesha huko. Kutoka nje huwezi kujua kama kimechanika au la.

Wako pia watu wanaosema: "Mimi nina sikio linalotoa usaha tangu utoto, na ndege hainiumizi kamwe." Wasema kweli. Hawaumwi kwa kuwa kiwambo chao kina tundu, na hewa hupita bila kizuizi. Asijisifu mtu kwa hilo. Sikio linalotoa usaha zaidi ya wiki mbili ni ugonjwa, hula kusikia kwa mtu kidogo kidogo, na linahitaji kukaushwa kwa kitambaa safi kilichosokotwa na kutiwa dawa ya matone iliyoandikwa na mganga. Vile vile wengine husikia mlio kama wa nyenje masikioni baada ya safari, wakailaumu ndege, kumbe siku zile walikuwa wakimeza kwinini kwa ajili ya malaria. Kwinini huleta mlio huo, na kwa kawaida hukoma dawa ikiisha. Mwuguzi aambiwe habari zote mbili.

Baada ya kutua, sikio likibaki zito kwa saa chache, au hata siku mbili tatu, usiogope. Endelea kumeza mate, kupiga miayo, kunywa kitu cha moto. Maumivu yapungue kwa parasetamoli. Lakini nenda kituo cha afya bila kukawia ukiona damu au usaha ukitoka, au maumivu yasiyopungua siku ya pili, au homa, au kizunguzungu cha kukuangusha, au kutokusikia kunakozidi. Kizunguzungu pamoja na kutokusikia kwa ghafula ni jambo la haraka kuliko yote hayo, maana huenda sikio la ndani limeumia. Mpaka mganga aseme, maji yasiingie sikioni: wakati wa kuoga ziba kwa pamba iliyopakwa mafuta mazito ya ngozi, na kuogelea mtoni kuachwe. Wala mtu asipande ndege tena kabla sikio halijapona, kama yawezekana kurudi kwa njia ya chini.

Sasa turudi kwa yule mtoto. Mwalimu ametuandikia kwamba siku ya safari alikuwa na mafua, pua ikimtoka, na kwamba alilala tangu ndege ilipovuka milima mpaka ilipogusa ardhi. Mjomba wake, kwa wema, alimfunika koti asisumbuliwe. Kwa hiyo jibu la swali la kwanza ni kwamba ndege peke yake isingemdhuru. Ni ndege, mafua na usingizi pamoja. La pili, naam, ingaliwezekana kuzuia, angalau kwa sehemu kubwa, kama angaliamshwa na kupewa kitu cha kutafuna.

Maji yaliyobaki nyuma ya kiwambo hukauka mara nyingi yenyewe, lakini huchukua wiki kadhaa, na kwa watoto hata miezi mitatu. Muda huo mtoto husikia kana kwamba watu wanazungumza ng'ambo ya ukuta. Asikia sauti, asitambue maneno. Anajua kwamba ameitwa, hajui ameitwa kufanya nini. Basi mwalimu, badala ya nyuma ya darasa, amweke dawati la mbele, upande wa sikio lililo jema zaidi. Amtazame usoni asemapo, asiseme na ubao. Na imla amsomee karibu. Kama baada ya miezi mitatu kusikia hakujarudi, apelekwe kwa daktari wa masikio, pua na koo katika hospitali kubwa, kwa sababu kuna tundu dogo linaloweza kutobolewa ili maji yatoke. Katika barua yake mwalimu asema kwamba mtoto sasa asikia vizuri, na kwamba yeye mwenyewe alimwomba radhi mbele ya darasa zima. Wanafunzi, asema, hawakujua waangalie wapi.

Swali la nne lilikuwa mwishoni mwa barua, juu ya wale wanaotapika ndani ya ndege na ndani ya magari ya mizigo njia ya Sake. Hilo lina maneno mengi, nasi tutalijibu wiki ijayo.